Panya Waliokataa Kupoa Jumamosi

Tangu nirudishe funguo za nyumba ya panya nimekuwa nikicheka ovyo. Naosha sufuria, nacheka. Nawarushia kuku mahindi hapa Kosele, nacheka, mpaka jirani ameuliza kama nimeanza kunywa. Sijanywa. Ni vile nimetoka. Wasimamizi wanne walipita juu ya kichwa changu kwenye kile kituo cha utafiti pale Homa Bay, wawili kati yao walitaka nifukuzwe, na bado nimeondoka kwa miguu yangu mwenyewe, na keki nimekatiwa. Mgongo ndio uliosema basi. Si wao.

Nyinyi vijana mnaobaki na wale panya, hii nawaandikia nyinyi. Vyeo na mshahara sitavigusa, maana cheo sikupewa na mshahara mnaujua. Nitaandika kazi, na nitaandika majina. Siku ya keki mliniambia, "Mama, yaliyopita achana nayo." Nimeachana na mengi. Hili hapana.

Nilikuja pale kama kibarua wa kufagia. Shule yangu iliishia darasa la saba, na panya kwangu alikuwa mtu wa kupigwa na fagio. Siku ya kwanza nikafungua mlango nikakuta wamepangwa kwenye rafu, weupe, macho mekundu, kila mmoja na jina la namba, wanakula chakula kizuri kuliko uji niliokuwa nimekunywa asubuhi. Nikarudi nje. Mama Robi akanifuata na koti mkononi.

Mama Robi alikuwa Mkuria wa Kehancha, mrefu, mikono mipana kama ya mchimba kisima, na ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachojua. Alinitazama akasema, "Umekimbia nini?"

"Panya."

"Yeye amekimbia?"

"Hapana."

"Basi kati yenu nani mwoga? Vaa koti."

Akanionyesha kumshika panya: mkia karibu na mwili, si kule mwishoni, kisha mwache asimame kwenye mkono wako, anuse, akojoe kama anataka, ajue wewe ni nani. Wiki nzima sikupima chochote. Nilishika tu. Nilipochoka nikamuuliza tunapoteza muda wa nini. Mama Robi akampima mmoja aliyetulia, akaniandikia joto lake kwenye kiganja changu kwa kalamu. Halafu akapiga bati la kizimba kwa kijiko, akasubiri kidogo, akampima tena. Limepanda, karibu digrii nzima, na hakuna dawa aliyopewa.

"Umeona?" akasema. "Ukimshtua, unapima hofu. Hofu hatujatumwa."

Themomita yetu ni waya mwembamba wenye ncha ya mviringo. Unapaka mafuta, unaingiza pale nyuma mpaka kwenye alama, kila panya kina kile kile, unangoja namba itulie, unatoa, unapangusa. Ukiona aibu, kauze nyanya. Na kabla hujagusa mnyama yeyote, soma joto la ukutani na uliandike. Mama Robi alikuwa mkali kwa hilo la ukuta kuliko mchungaji kwa zaka. Nilidhani ni mazoea yake tu ya kizee, hadi Februari moja stima ilipopotea siku nzima.

Wakati huo alikuwa amekuja Daktari Otieno, mtu wa Sindo, mpole, anavaa soksi zisizofanana na hajui. Kazi yake ilikuwa dawa zinazocheza na dopamini. Nilimuuliza dopamini ni nini. Akafikiri, akasema ni mmoja wa wajumbe wa ubongo, anayebeba habari kutoka chumba kimoja cha kichwa hadi kingine. Dawa yetu, apomofini, inajifanya ndiye huyo mjumbe. Inabisha hodi, inafunguliwa, inatoa habari ya uongo. Habari yenyewe inasema mwili una joto mno, na ubongo unaamini, unaamuru joto litolewe nje.

Sasa niwaambie nilivyoona mara ya kwanza, kwa sababu mpaka leo inanifurahisha. Unamchoma sindano ndogo chini ya ngozi ya shingo, unamrudisha kizimbani. Dakika chache anaanza kupanda. Anapanda waya za kizimba, anashika kwa mikono minne, ananusa, anashuka, anapanda tena, utadhani amesikia gitaa la benga. Nikasema huyu sasa atatoa jasho. Nikapima. Amepoa. Alikuwa thelathini na saba, sasa thelathini na nne na anaendelea kushuka, na bado anapanda. Mtu anacheza dansi huku anapata baridi. Nilicheka mpaka Mama Robi akanitoa nje. Nyumbani nilieleza, hakuna aliyeniamini, mume wangu marehemu akasema kituo kimeanza kunilipa kwa bangi.

Na ukimpa kwanza haloperido, ile ambayo hospitali inawapa wagonjwa wa akili, kisha ndiyo apomofini, hapandi wala hapoi. Mlango umefungwa, mjumbe wa uongo anabisha mpaka anachoka. Na anayepewa maji ya chumvi peke yake anakaa vile vile, anakutazama. Huyo ndiye shahidi wetu.

Hiyo Februari ya stima, mashine ya kupoza chumba ililala. Mnajua joto la ziwa lile chini ya mabati. Ukuta ukasoma thelathini na mbili. Sindano ile ile, panya wa aina ile ile, wakapanda waya kama kawaida, lakini kupoa wakakataa kabisa. Daktari Otieno akakuna kichwa. Mama Robi hata hakuinua macho, akasema, "Joto utalitoa ulipeleke wapi, kama nje kumejaa?" Daktari akakubali, ile siku ikafutwa. Tangu hapo nikauheshimu ukuta.

Mama Robi alistaafu, akarudi Kehancha kwa ng'ombe wake, na akaniachia themomita. Hapo ndipo wanaanza wale wenye majina.

Wa kwanza ni Tobias Ogweno, msimamizi. Tai kila siku, hata siku ya kuosha vizimba. Alikuwa na ugonjwa wa kuamini karatasi ya shule kuliko macho. Wa pili ni Kennedy Oluoch, Kenny, kijana wa Oyugis, ana diploma ya maabara, mikono laini, salamu nyingi. Aliletwa kwa sababu yangu. Mimi ni Msabato, na tangu siku ya kwanza nilisema Jumamosi sifanyi kazi. Kazi ya Daktari Otieno ilitaka kundi jipya la panya kila siku bila kuruka. Basi ikapangwa: Jumapili hadi Ijumaa nipime mimi, Jumamosi apime Kenny.

Ikaenda miezi mitatu. Halafu Daktari akaketi na daftari, akachora, na mchoro ukatoka na meno. Siku sita panya wanapoa vizuri. Jumamosi hawapoi. Siku sita wanapoa. Jumamosi hawapoi. Ukuta ulikuwa ule ule, digrii ishirini na mbili kila siku, Jumamosi pia. Dawa ilitoka chupa moja.

Mwanzo ilikuwa utani. Mpishi alisema panya wetu wamebatizwa. Askari wa getini akaniuliza kama sadaka wanatoa. Mimi mwenyewe nilicheka, sitawadanganya. Lakini Tobias Ogweno hakucheka. Aliniita ofisini.

"Nyar Kosele," akasema. Hivyo ndivyo walivyoniita, binti wa Kosele. "Wewe unajua Daktari anatafuta namba gani?"

"Najua anatafuta kama watapoa."

"Na wako wanapoa kila siku."

"Wanapoa."

"Na wa Kenny hapana. Kenny amesomea hii kitu. Yeye anaandika anachoona." Akaweka bahasha mezani. "Wewe huenda unaandika kinachofurahisha watu."

Barua ilikuwa ya Kiingereza. Nikaisoma polepole na binti yangu nyumbani jioni hiyo. Ilisema natuhumiwa kupika namba, nijieleze kabla ya Jumatatu adhuhuri, la sivyo niondoke. Kupika. Mimi niliyeambiwa hata hofu nisiipime. Ningefukuzwa kwa wizi wa kuku ningelia nikanyamaza. Lakini kufukuzwa kwa uongo wa themomita ya Mama Robi, hiyo ningeenda nayo kaburini, na watu wa Kosele wangeniimbia.

Nilimuuliza Kenny kwenye chai ya saa nne, mbele ya mpishi. "Omera, ndugu yangu, Jumamosi unafanya nini na hawa wanyama?"

"Nafuata karatasi ya kazi, Mama."

"Yote?"

"Yote." Na akakoroga chai isiyokuwa na sukari.

Nikajua. Mtu anayekoroga chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, ana kitu. Lakini ningekijuaje? Kilikuwa kinafanyika siku ambayo mimi nimekataa kukanyaga kazini maisha yangu yote. Kama ningevunja Sabato kuokoa kazi, ningekuwa nimewapa kazi na Sabato pia.

Nikaenda kwa mzee wetu wa kanisa, Mzee Zakaria, fundi cherehani. Nikamweleza kila kitu, mpaka mahali themomita inapoingia. Alishona pindo zima kabla ya kujibu.

"Kupima huwezi," akasema. "Kushika huwezi. Kuandika huwezi."

"Najua, Mzee."

"Hao panya, baada ya sindano, ni wazima?"

"Wanapata baridi, wanalala chali kama wamepigwa. Si wazima."

"Basi ni wagonjwa. Kutembelea wagonjwa siku ya Sabato hakujawahi kukatazwa." Akakata uzi kwa meno. "Ila usiwashike."

Jumamosi nikatoka shule ya Sabato kabla ya mahubiri, gauni jeupe, Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani. Askari akanisukumia daftari la wageni. Kwenye sababu ya kuja nikaandika: wagonjwa. Akasoma, akanitazama, akafungua geti.

Kenny alikuwa anawachoma wa mwisho. Aliponiona nusura ajichome mwenyewe.

"Mama. Leo si Sabato?"

"Ni Sabato. Nimekuja kuwaona wagonjwa." Nikavaa koti, nikaketi kwenye stuli ya mlangoni, mikono nikaiweka juu ya Biblia ili isinishawishi. "Endelea, mwanangu. Mimi sipo."

Akaendelea. Kila kitu sawasawa. Amesoma ukuta. Amemrudisha kila panya kizimbani kwake, mmoja mmoja, kama karatasi inavyosema. Wakaanza kupanda waya. Nikaimba wimbo kwa chini, wao wakipanda. Nikasema moyoni, Nyar Kosele, umekwisha, huyu anafanya kazi kukushinda.

Dakika zikasonga. Panya mmoja akashuka, akajilaza. Wa pili. Kenny akaanza kutazama kabati. Anatazama panya, anatazama kabati, ananitazama mimi.

"Mama, mahubiri hayajaanza?"

"Yameanza. Wataniombea."

Jasho likamtoka, chumba digrii ishirini na mbili. Panya wa tatu akalala. Kenny akamgusa kwa kidole, akaruka kama ameguswa na barafu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtoto kabisa, "Mama, watakufa hawa."

Akafungua kabati. Akatoa katoni ya vifaranga. Ile mnayoijua, ya matundu ubavuni, imeandikwa juu na chini. Ndani maranda ya mbao, na katikati chupa ya soda iliyojaa maji ya moto, imevalishwa soksi. Akawachukua panya wangu mmoja mmoja, akawalaza kuizunguka ile chupa, wakabanana, akafunika. Na chozi likamdondoka, nawaambia ukweli.

Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Sijui kama nilikuwa nalia au nacheka. Nafikiri nilikuwa nafanya yote mawili.

"Kenny. Hii ni nini?"

"Mama yangu analea vifaranga Oyugis. Kifaranga akipata baridi hivi, hana dakika kumi. Jumamosi ya kwanza niliwaona wamepoa, nikajua nimekosea dozi, nimewaua. Nikawapasha moto. Wakafufuka."

"Wakafufuka."

"Ndiyo. Wakati wa kupima ukifika nampima mmoja mmoja nikimtoa. Namba naandika za kweli. Sijaongeza hata nukta."

"Na wangu, siku sita, wanakufa?"

"Sijawahi kuuliza."

"Baridi ndiyo dawa yenyewe, omera. Ndiyo tunachotafuta. Wanaamka wenyewe, hata chai haijapoa. Diploma yako haikusema?"

"Ilisema. Lakini nikiwaona hivi, kitabu kinanitoka."

Hapo ndipo ningemsamehe. Kweli. Kuogopa kifo cha kiumbe mkononi mwako si dhambi, hata mimi siku ya kwanza nilikimbia. Lakini nikamwambia, "Jumatatu asubuhi utamwambia Daktari mwenyewe. Barua yangu unaijua." Akasema ndiyo, Mama. Akaniapia kwa mama yake.

Jumatatu saa mbili tuko ofisini kwa Daktari: Tobias na tai yake, Kenny, mimi. Daktari akauliza nani ana neno. Nikamtazama Kenny. Kenny akatazama viatu vyake. Tobias akatazama saa. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Kenny bado anaangalia kamba za viatu kama ndiyo kwanza anaziona.

Ndiyo maana jina lake liko hapa. Katoni nimesamehe. Zile ishirini sijasamehe.

Basi nikasema mimi, yote, mpaka soksi. Tobias Ogweno akacheka kwa pua. "Daktari, tumekuja kusikiliza hadithi za kuku?"

Daktari Otieno akavua miwani. "Hadithi ya kuku inapimika," akasema. "Kenny, kuna katoni?"

Kenny akasema kwa sauti ndogo, "Iko."

Daktari alifanya yote kwa mkono wake. Mimi nilikatazwa kusogea, nikakaa kwenye ile ile stuli, na safari hii si kwa sababu ya Sabato. Panya kumi na wawili, sindano ile ile. Sita kila mmoja kizimbani kwake. Sita kwenye katoni, na chupa, na soksi. Nusu saa. Nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kuliko miaka yote ya pale. Tobias alisimama mlangoni akibonyeza kalamu, tik, tik, mpaka Daktari akamwambia awaache panya wasishtuke.

Akawapima wa vizimbani. Thelathini na tatu na kitu. Thelathini na nne. Thelathini na tatu. Wote sita chini. Akafunua katoni. Mvuke mdogo ukatoka. Thelathini na saba. Thelathini na saba kasoro. Thelathini na saba.

Daktari akaanza kucheka, kucheka kwa tumbo, akaketi sakafuni na soksi zake mbili tofauti. "Februari," akasema. "Nyar Kosele, ni Februari ile ya stima. Huyu amejenga Februari ndani ya katoni." Na mimi nikacheka, na hata panya mmoja kwenye waya alikuwa anapanda, anashuka, anapanda.

Tobias akasema, "Vizuri. Mambo yameisha, Mama, rudi kazini."

"Hayajaisha," nikasema. "Barua yako ya kwanza ulinipa kwa karatasi. Ya pili, ya kunisafisha, pia iandike. Na uiandike Kiswahili, niisome bila kumsumbua mtoto wangu."

Akamtazama Daktari. Daktari alikuwa bado sakafuni, akamwashiria aende. Ilimchukua hadi saa nane, na kamusi aliazima kwa mpishi. Nikamwomba aisome kwa sauti pale jikoni, mbele ya mpishi na askari. Akasoma haraka, macho kwenye karatasi. Alipofika pale panaposema mimi nilipima kwa uaminifu, nikamwambia sikusikia vizuri, arudie. Akarudia. Alihamishwa mwaka uliofuata. Hajawahi kuniomba radhi kwa mdomo, na kama kuna anayemjua alipo, mpeni salamu.

Kenny nilimrudisha mwanzo. Wiki ile ile, wiki nzima, kushika tu. Kila panya aliyepoa nilimwekea mkononi, nikamlazimisha amngoje mpaka aamke mwenyewe. Mara ya kwanza alifumba macho. Ijumaa aliweza kunywa chai huku anangoja. Katoni nilimwambia aipeleke Oyugis kwa wenyewe. Daktari akaongeza mstari kwenye karatasi ya kazi, kwamba mnyama abaki humo kizimbani peke yake mpaka apimwe, na asipashwe moto kwa namna yoyote. Mstari huo mnausoma kila asubuhi na huenda mnadhani umeandikwa na mjinga. Sasa mnajua.

Ijumaa jioni nikamwachia Kenny funguo. Kama angewapasha moto tena, barua zote za Kiswahili duniani zisingenisaidia.

Jumamosi nilikaa kanisani mahubiri mazima na sikusikia neno. Saa nne nikajua anachoma. Saa nne na nusu nikajua anapima. Tulipotoka nje nikafungua simu chini ya ukingo wa paa. Ujumbe kutoka kwa Kenny, hauna salamu, hauna neno hata moja, ni namba tu, zimepangwa kutoka juu kwenda chini. Thelathini na nne. Thelathini na tatu nukta tano. Thelathini na tatu nukta nane. Nikasoma mpaka ya mwisho, na miguu yangu ikaanza kupiga hatua zake yenyewe pale kwenye kokoto, na gauni jeupe.

Mzee Zakaria akaja mbio, akidhani ni habari za msiba.

"Dada, kuna nini? Wagonjwa wako wanaendeleaje?"

"Wamepata baridi wote, Mzee. Hakuna hata mmoja aliyebaki na joto."

Akavua kofia. "Pole sana."

Nikamshika mkono, nashindwa kusimama vizuri kwa kicheko, nikamwambia asiseme pole.